Shajara ya mradi: yidaki, mdomo kwanza gogo baadaye

Machi, mvua bado hazijakata

Mradi wenyewe ni huu wadau. Najifunza kupiga yidaki kwa mtindo wa Wayolngu wa kaskazini mashariki ya Arnhem Land, huku Australia, na wakati huohuo narekodi mafundisho yote kwa ruhusa ya mwalimu wangu, ili familia yake ibaki na nakala safi ya namna anavyofundisha. Yidaki ndio kile chombo ambacho dunia nzima inakiita dijeridu, gogo refu la mti ulioliwa moyo na mchwa, unalipuliza kwa kutikisa midomo. Watu wengi wanadhani kila Mwaborijini wa Australia analipiga, sio kweli hata kidogo, kwao asili ni huku juu kaskazini tu, Arnhem Land na majirani zake, kuelekea Kimberley upande mmoja na Ghuba ya Carpentaria upande mwingine, na hata humu ndani kila watu wana jina lao na namna yao ya kupiga. Wayolngu wanasema yidaki au mandapul, Wabininj wa magharibi wanasema mago, kule Wadeye na Mto Daly wanasema kenbi. Mimi nimeshika moja tu, ya Miwatj, upande jua linakochomozea, na hiyo moja inanitosha kwa miaka.

Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu fundi sauti, Darwin nipo muda sasa. Mwalimu wangu ni Myolngu wa makamo, kwao ni upande wa Yirrkala kule, ila anakaa mjini hapa sababu mama yake anasafishwa figo hospitali na hawezi kuwa mbali na mashine. Jina lake sitaliandika humu, nitamwita wäwa kama alivyoniambia nimwite, yaani kaka. Wayolngu hawakai na mtu bila kujua huyu ni nani kwangu, kwa hiyo nilipokuwa tu mdogo wake basi mama yake akawa mama yangu, mjomba wake akawa ngapipi wangu, na kuna dada ambao tangu siku hiyo sitakiwi kuwataja majina wala kuzungumza nao ovyo. Mtu wa pwani hili analielewa bila kufafanuliwa.

Tulikubaliana kabla sijawasha kinasa sauti. Vya wazi ndio vinarekodiwa, mambo ya sherehe za ndani hayaguswi hata kwa kuulizia. Kila faili nakala yake inarudi kwao. Na mimi wimbo wa ukoo wowote sipigi hadharani, najifunza lugha ya mdomo na mazoezi basi. Kwa Wayolngu kila kitu kiko upande wa Dhuwa au upande wa Yirritja, watu, ardhi, wanyama, nyimbo, na kila wimbo una wenyewe, kwa hiyo ukija na maiki yako ukachukua sauti tu ukaondoka nayo unakuwa umechukua mali ya watu, hata kama hukushika kitu mkononi.

Wiki za mwanzo gogo sikupewa. Tunakaa barazani kwake, mvua inapiga bati, yeye anatamka silabi za mapigo ya yidaki, mimi naitikia. Dith-dhu. Dith-dhu. Dith-dhu dhirrl. Anarudia mpaka mdomo unachoka, halafu anabadilisha kidogo mwishoni, nami nabadilisha. Hapo ndipo nilipoona huu mradi unatakiwa uendeje. Mtindo unakaa mdomoni. Ukisikiliza rekodi ya yidaki peke yake unapata mvumo na mapigo, lakini ulimi ulikuwa wapi hujui, meno yalikuwa wapi hujui. Ukisikia mdomo kwanza halafu ukasikia gogo, mwendo uleule, kila kitu kinajipanga. Basi nikaamua kila kifungu kitarekodiwa hivyo, mara moja kwa mdomo mtupu na mara moja kwa yidaki, na faili mbili hizo zisitenganishwe kamwe.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati moja hapa. Ile dh yetu ya dhahabu ulimi unatokeza kidogo katikati ya meno, na dh ya Wayolngu ulimi unakaa palepale, tofauti ni kwamba wao wanaziba hewa kabisa kisha wanaachia, sisi tunaiacha ipite. Kwa hiyo mahali pa ulimi nilishapajua tangu chuoni kwa maalimu nasomeshwa alifu, kazi iliyobaki ni nguvu ya kuziba. Na rr ya kutetemesha ulimi pia tunayo. Wäwa alifurahi sana alipoona hilo, akawa ananitamkisha mbele ya wapwa zake.

Aprili, joto na unyevu

Sasa nimepewa gogo, na mwezi huu wote habari ni pumzi.

Ile kupuliza bila kukata, unavuta kwa pua huku mdomoni hewa inaendelea kutoka, sio kitu kigeni kwetu. Mpiga zumari wa pwani anafanya hivyohivyo, nimewaona toka mdogo kwenye harusi na maulidi, mashavu yamejaa kama mpira, anapuliza ngoma nzima na mlio haukatiki. Hewa ya mashavu ndio akiba, anaisukuma nje wakati pua inavuta mpya. Na wageni wengi wanaojifunza dijeridu Ulaya na Marekani wanafundishwa njia hiyohiyo ya mashavu.

Wäwa hatumii mashavu hivyo. Mashavu yake yanabaki karibu na meno muda wote, na anachosema ni kwamba pumzi isifichwe, iwekwe mahali pake. Nimeikalia hii kauli mwezi mzima. Kwenye dith-dhu ulimi ukiziba unaikamua ile hewa kidogo iliyopo mdomoni iende kwenye gogo, na kwenye mkamuo huohuo tumbo linaachia na pua inavuta, kidogo tu, haraka, halafu tumbo linapiga tena. Kwa maana hiyo pumzi ipo ndani ya mdundo, ni silabi mojawapo. Ukivuta mahali pengine hata kama mvumo haukukatika utakuwa umepiga kitu kingine, na yeye anasikia mara moja, anainua kidole.

Mazoezi yangu kwa sasa: asubuhi kabla ya kazi natamka kwanza, polepole, mkono mmoja tumboni nisikie linavyopiga, halafu gogo kwa mwendo uleule wa polepole. Sikimbilii kasi. Yidaki ya Miwatj ni ya kasi sana ikiiva, ulimi haulali hata sekunde, lakini wäwa anasema kasi inakuja yenyewe, ukiisukuma ulimi unalegea na ulimi mlegevu kwao haukubaliki. Ulimi uwe mgumu. Hilo neno mgumu nalisikia kila siku.

Midomo inauma bado ila inaanza kuzoea. Jirani yangu aliniuliza kama kweli hii kitu inatibu kukoroma, nikamwambia upo utafiti wa Uswisi uliotoka 2006 kwenye jarida la madaktari la Uingereza, watu 25 wenye tatizo la kukatika pumzi usingizini, waliofanya mazoezi ya dijeridu kama miezi minne usingizi wao wa mchana ulipungua na hata wenzao wa kitandani walisumbuliwa kidogo, sababu misuli ya koo inapata mazoezi. Kundi dogo, lakini utafiti halali.

Mei, kiangazi kimeingia

Mvua zimekata, upepo mkavu, hewa safi, sasa kurekodi kwa maana ya kurekodi kunawezekana.

Wanaotaka kujua mpangilio, ni hivi. Maiki moja iko chini kwenye mdomo mpana wa yidaki, shubiri mbili hivi kutoka kwenye tundu na imewekwa pembeni kidogo, sio uso kwa uso. Ya pili iko usawa wa kifua cha mpigaji, inachukua gogo na mtu kwa pamoja, hii ndio inasikika kama vile umekaa naye. Ya tatu ni ile ndogo ya kubandika, nimeibandika karibu na pua, na hii kila fundi sauti ninayemwonyesha anashangaa kwa sababu kazi yetu siku zote ni kuondoa sauti ya pumzi, mimi naifuata. Bila hiyo maiki ya pua huwezi kujua anavuta wapi. Nanasa kwa biti 24, kilohezi 48, na kiwango napima kwa ule mlio wa juu, kwa sababu mlio huo unaruka kwa nguvu kuliko mvumo wa chini na ukipima kwa mvumo utapasua rekodi.

Mlio wa juu ni alama kubwa ya mtindo huu. Mpigaji anakaza midomo ghafla na gogo linarukia sauti ya pili, kama tarumbeta hivi, wakati mwingine fupi ya kutema, wakati mwingine ndefu. Yidaki ya wäwa mvumo wake ni noti ya E, karibu hezi 82, na mlio wa juu ni F kali, karibu 185. Mkipiga hesabu mtaona sio oktava kamili, imezidi. Bomba lililonyooka lililozibwa upande mmoja lingerukia mara tatu, gogo linalotanuka kwenda chini linashusha hiyo mara tatu kuelekea mara mbili, na kila gogo mchwa wamelila kivyake kwa hiyo kila moja lina ruko lake. Mchagua gogo wa Miwatj anasikiliza hilo kabla ya kitu kingine chochote, mlio wa juu utoke kirahisi bila kupigana nao.

Tatizo la vyumba vya Darwin ni viyoyozi. Umeme wa hapa ni hezi 50, kwa hiyo mashine inanguruma kwenye 50 na 100, na mvumo wa yidaki uko katikati hapohapo kwenye 82. Huwezi kutumia kile kitufe cha maiki cha kukata besi, ukikibonyeza umekata na yidaki yenyewe. Dawa ni moja tu, zima kiyoyozi, zima friji, fungua madirisha, rekodi asubuhi mapema. Usiku haufai, kuna wale ndege wa usiku wanaopiga mayowe mitaani, na ndege za kijeshi mchana nazo zina ratiba zake. Mwisho tumehamia nyuma ya nyumba chini ya mwembe, majani yanakula mwangwi, sauti inatoka kavu na nzuri kabisa.

Juni

Mwezi wa kukaa mbele ya kompyuta. Nimepanga faili za mdomo na za gogo juu na chini kwenye programu ya kuonyesha picha ya sauti, ile ambayo wakati unakwenda kulia na frikwensi zinapanda juu, na wadau mimi nimefanya kazi ya sauti miaka mingi ila sijawahi kuona picha inayosema wazi hivi.

Mvumo wa chini unakaa mstari mmoja ulionyooka, hauendi popote, juu yake vimistari vya sauti zake nyingine vimejipanga mmoja mmoja. Lakini ukienda kwenye kilohezi 1 hadi 2 pale ndipo uhai ulipo. Kunatokea mkanda mzito unapanda na kushuka, unapanda ulimi ukikaribia kaakaa, unashuka ukilala. Chukua dhirrl ya mdomo mtupu uweke juu ya dhirrl ya gogo, mkanda unapinda vilevile, mwanzo umekatika pale ulimi ulipoziba, unapanda, unatetemeka kwenye rr, unazama. Gogo linaongea alichotamka mdomo.

Wanafizikia wa chuo kikuu cha New South Wales, Sydney, waliliandika hili 2005 kwenye jarida la Nature. Walipima njia ya hewa ya mpigaji, mdomo na koo, huku anapiga, wakaonyesha kwamba mahali koo lake linapogoma sana kwenye frikwensi fulani sauti hiyo inazimwa isiingie kwenye gogo, na zile zilizobaki katikati ndio zinatoka kama mikanda tunayoisikia. Na wapigaji wazuri wanabana kilango cha koo mpaka karibu kufunga ndipo hali hiyo inakuwa kali. Nilimsomea wäwa kwa lugha nyepesi. Akanionyesha kooni kwake, akapiga kwanza koo limefunguka, gogo likatoa mvumo mpana usio na sura, halafu akabana, na ile lugha ikatokea palepale. Alijifunza hivyo kwa baba yake, hakuna aliyempimia kitu.

Maiki ya pua nayo imeleta matunda. Kwenye vifungu vyake vya kasi kile kishindo kidogo cha pua kinaangukia silabi ileile kila mzunguko, nimeenda mzunguko hadi mzunguko na hakihami. Akibadilisha kifungu pumzi inahamia silabi nyingine, na kutoka hapo inakaa tena. Sasa kwenye kila faili naandika kifungu kwa silabi kisha naweka alama mahali pa pumzi. Vijana wake wawili walitazama picha wakasoma zile alama kwa sauti, dith-dhu, wakavuta pumzi palepale palipoandikwa, bila mimi kueleza kitu. Nadhani hapa tumepata njia ambayo itamfaa hata kijana aliye mbali na mwalimu.

Julai

Habari za gogo lenyewe sasa.

Mti ni mkaratusi, aina ambayo Wayolngu wanaiita gadayka na Wazungu wa hapa wanaiita stringybark kwa ajili ya gome lake la nyuzinyuzi, gome lilelile ambalo Yirrkala wanalichorea ile michoro yao maarufu. Mchwa wanaingia kwa chini wanakula moyo wanaacha ganda. Mtafutaji anatembea msituni anagonga shina kwa kucha au kwa shoka dogo anasikiliza, na miti mingi anaiacha imesimama. Akikata anatoa gome, anachonga ndani pale juu na chini, na kwenye mdomo wa kupulizia anaweka nta ya nyuki ikihitajika.

Kiangazi hiki kikavu mti unapasuka, hasa ukiulaza kwenye chumba chenye kiyoyozi. Wäwa anamimina maji ndani kabla ya kupiga, anazungusha, anamwaga, na sauti inabadilika hapohapo, inakuwa nzito na ya karibu, nimerekodi kabla na baada, tofauti inasikika hata kwenye spika za simu. Nta nayo ichungeni, ikiachwa ndani ya gari juani inayeyuka yote.

Mwezi huu pia nimekaa nikisikiliza rekodi za zamani. Profesa Elkin wa Sydney alinasa Arnhem Land 1949 na 1952, mtafiti wa muziki Alice Moyle akazunguka sana miaka ya 1960, na taasisi ya Canberra inayohifadhi kumbukumbu za wenyeji, AIATSIS, ilianzishwa 1964 na ndipo nyingi zilipo. Vifaa vya zamani, besi imepungua, lakini ulimi unasikika! Ulimi hauhitaji besi. Wäwa alivaa hedifoni akawa anatamka silabi za mpigaji aliyekuwepo kabla yeye hajazaliwa, anasimamisha, anarudisha nyuma, anatamka tena. Jioni ile hatukurekodi kitu kingine, nilirekodi yeye akiitamka ile rekodi ya zamani mwanzo hadi mwisho. Kwangu hii ndio faili yenye thamani kuliko zote za mradi mzima.

Nikasikiliza na mago ya magharibi ili masikio yangu yajue mpaka. Kule kwenye nyimbo za kunborrk ule mlio wa juu hawautumii, gogo kwa kawaida ni fupi na pana zaidi, mvumo unaviringika, msukumo mwingi unatoka tumboni na kooni, na mpigaji anachanganya sauti yake ya kuguna ndani. Mzee Blanasi wa Wugularr ndiye aliyeitembeza mago duniani tangu miaka ya 1960, akapiga hadi kwenye televisheni ya Uingereza, na 2001 aliingia porini hakuonekana tena. Ukiwa umezoea ulimi wa Miwatj, ukisikia mago unajua ndani ya sekunde chache umevuka nchi. Kuziita zote dijeridu ni sawa kwa mwenye haraka, ila kwa anayetaka kujifunza ni lazima achague mlango.

Agosti, Gulkula

Nimepata kibarua cha sauti kwenye Garma, tamasha la Wayolngu linalofanyika Gulkula karibu na Nhulunbuy kila mwaka tangu 1999, isipokuwa lilivyosimama kwa korona. Kutoka Darwin kwa barabara ni kama kilomita elfu moja, nyingi vumbi tupu, sisi tulipanda ndege. Uwanja uko juu ya genge, msitu wa gadayka pande zote, ng'ambo chini unaona bahari ya Ghuba. Alfajiri unaamshwa na sauti za akina mama wazee wakiimba kile kilio chao cha milkarri, na alasiri kila siku ni bunggul, ngoma, watu wa koo mbalimbali wanaingia uwanja wa mchanga mpaka jua linazama.

Hapa nimeona kitu ambacho barazani hakionekani. Mwenye ngoma ni mwimbaji. Yeye ndiye ana bilma, vijiti viwili vigumu vya kugonganisha, anaanzisha kwa sauti ndogo, bilma zinaingia, mpiga yidaki amekaa chini mguu umenyooka mdomo wa gogo karibu na wachezaji, anaingia naye. Kipande kimoja cha manikay, yaani nyimbo za ukoo, ni kifupi, mara nyingi hakimalizi dakika mbili, halafu kinasimama, kinaanza kingine cha jambo lilelile kwa mwendo mwingine wa bilma. Na mwisho wa kipande yidaki na bilma zinakata pamoja, sauti ya mwimbaji inabaki peke yake inamalizia. Mpiga yidaki akichelewa kukata hata pigo moja ameharibu. Nilimwangalia mmoja kwa karibu sana, macho yake hayakutoka kwenye mkono wa mwimbaji ulioshika bilma.

Kwa hiyo zile dith-dhu zangu za asubuhi ni vipande vya kitu ambacho chenyewe ni kuimba, na kwenye shajara nimeongeza safu mpya, kila kifungu kinaandikwa kinaendana na mwendo gani wa bilma. Wäwa alikuwa akinigongea mezani tangu mwanzo, nimepitia rekodi zote na kwenye nyingi kugonga kwake kunasikika kwenye maiki ya kifuani, kwa hiyo hata zile za Mei zinaweza kujazwa.

Nyuma ya mahema kulikuwa na kijana mdogo, meno ya mbele hayajaota vizuri, ana kipande cha bomba la plastiki la maji, anapiga. Bomba halina mkunjo wala mchwa, lakini ulimi ulikuwa mgumu, dhirrl inatoka safi, na pumzi ikiwa mahali pake. Mjomba wake amekaa pembeni anatamka silabi bila hata kumtazama, kijana anajibu kwa bomba. Sikurekodi, sikuwa nimeomba. Nimeandika tu hapa jinsi ilivyokuwa.

Septemba, kupanga kabati

Joto limeanza kurudi. Kazi ya sasa ni faili, inachosha lakini ndio itakayoamua kama mradi una faida kwa watu wengine zaidi yangu.

Majina ya faili hayana jina la mtu. Wayolngu mtu akifariki jina lake halitajwi kwa muda, na sauti yake na picha zake zinawekwa kando mpaka familia iseme basi. Ukiwa umeandika jina kwenye kila faili utakuwa umewaletea uchungu kila wakifungua kompyuta. Kwa hiyo faili lina namba, na orodha ya nani ni nani iko kwenye karatasi moja inayokaa kwa familia, wao ndio watafunga na kufungua. Kwa sababu hiyohiyo yule mzee mkubwa wa ukoo wa Galpu, wa familia ya Gurruwiwi, mchongaji na mpigaji aliyefundisha wanafunzi kutoka kila bara, aliyefariki 2022, namtaja kwa ukoo tu humu. Mengi ninayoyasikia kwa wäwa kuhusu ulimi na tumbo yanamtaja huyo mzee.

Nakala zimeshagawanywa, moja kwa mama mwenye nyumba, moja kwa vijana kwenye simu zao ikiwa imebanwa ndogo, na moja familia imeamua iende Yirrkala kwenye kituo cha sanaa cha Buku-Larrnggay, pale ndani kuna Mulka, kituo cha kumbukumbu za sauti na video ambacho Wayolngu wenyewe wanakiendesha tangu 2007. Mimi nabaki na za mazoezi yangu tu. Kwenye intaneti haiendi hata moja, najua wengi mlikuwa mnasubiri link, samahani sana, lakini ndivyo wenyewe walivyoamua na mimi nakubaliana nao kwa moyo wote.

Kina dada walioniuliza kama wanaruhusiwa kujifunza: kwenye ngoma za Wayolngu wapigaji ni wanaume, nje ya ngoma kila jamii ina msimamo wake na haifanani. 2008 tawi la Australia la HarperCollins liliomba radhi baada ya kuchapisha kitabu cha wasichana chenye maelekezo ya kupiga dijeridu, kwa sababu wapo watu wa kusini waliosema ni mwiko mkubwa. Ushauri wangu, ukiwa na mwalimu muulize yeye na familia yake, jibu lao ndio jibu.

Upande wa mazoezi, kifungu cha tatu cha wäwa sasa nakipiga kwa mwendo wake kamili, mizunguko mingi, maiki ya pua inaonyesha pumzi yangu inaangukia pale inapoangukia yake. Mlio wa juu mfupi unatoka vizuri, ule mrefu bado unashuka mwishoni, midomo inaachia mapema. Ndio kazi ya mwezi ujao. Mama akipata nafuu ya kusafiri wanarudi nyumbani kwa wiki chache na wäwa ameniambia niombe likizo, mjomba wake anayeimba anataka kusikia huyo mdogo wa wäwa wa Darwin anatamka nini, na vibali vya kuingia ardhi yao nimeshaanza kuvishughulikia. Kabla ya hapo natakiwa niwe nimeshika mwendo wa bilma wa vifungu vyote vinne kwa mkono, bila gogo, huku natamka.